Bufa: jinsi ya kuitengeneza, kuijaribu na kujua inapoishia

Weka mililita 100 za maji safi kwenye bika, kisha utie mililita moja tu ya asidi haidrokloriki ya 0.1 M (M ni moli kwa lita; moli ni kipimo cha idadi ya chembe). pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alikali) itaporomoka kutoka karibu 7 hadi 3. Sasa chukua bika lingine lenye mililita 100 za bufa ya asetati ya 0.1 M, yaani myeyusho uliotengenezwa kuzuia pH isibadilike ovyo, ulitie asidi ileile kwa kipimo kilekile. pH itatoka 4.76 hadi 4.74. Mita nyingi za bei ya chini hazitatambua hata kwamba kuna kitu kimeingia.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuitengeneza bufa kwa mikono yake: mwalimu wa maabara Siaya, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au Egerton, mfugaji wa samaki anayetaka kuelewa kwa nini bwawa lake linayumba. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila mara, na ukiyatenganisha mapema kazi yote inakuwa nyepesi. Uwiano wa vitu viwili vilivyomo ndani ya bufa ndio unaoamua pH yake. Wingi wa vitu hivyo ndio unaoamua itavumilia asidi kiasi gani kabla ya kushindwa.

Kinachotokea ndani ya bika

Bufa ni jozi. Upande mmoja kuna asidi dhaifu, upande wa pili kuna besi yake, yaani kile kinachobaki asidi hiyo ikishaachia ioni ya haidrojeni. Kwa siki, jozi hiyo ni asidi asetiki (CH₃COOH) na ioni ya asetati (CH₃COO⁻). Ukitia asidi, asetati inazidaka zile ioni za haidrojeni:

CH₃COO⁻ + H⁺ → CH₃COOH

Ukitia alikali, asidi asetiki iliyokuwa imetulia inatoa haidrojeni yake na kuigeuza haidroksaidi kuwa maji:

CH₃COOH + OH⁻ → CH₃COO⁻ + H₂O

Fikiria steji ya matatu. pH huhesabu abiria waliosimama nje tu, si waliokwisha kukaa ndani. Asetati ni viti vitupu. Wageni wakishuka steji, wengi wao wanapata kiti papo hapo, na idadi ya waliosimama haibadiliki sana. Siku viti vikijaa, steji inafurika kwa ghafla.

Ndiyo maana huwezi kutengeneza bufa ya aina hii kwa asidi haidrokloriki na chumvi ya mezani. Kloridi haina hamu yoyote ya kuirudisha haidrojeni, kwa hiyo kila ioni unayotia inabaki nje ikihesabiwa. Lazima asidi iwe dhaifu ili besi yake iwe na uwezo wa kudaka.

Mmarekani Lawrence Henderson aliandika uhusiano wa jozi hizi mwaka 1908. Mwaka uliofuata, Søren Sørensen, akiwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alileta kipimo cha pH chenyewe. Baadaye Karl Hasselbalch akaiweka hesabu ya Henderson katika logi, na ndiyo tunayoitumia mpaka leo:

pH = pKa + log (besi ÷ asidi)

pKa ni tabia ya asidi yenyewe, namba inayoonyesha inavyoachia haidrojeni yake kwa urahisi. Ya asetiki ni 4.76 kwenye nyuzi 25. Tazama logi ile inavyotulinda. Besi na asidi zikiwa sawa, uwiano ni 1, logi yake ni sifuri, na pH ni pKa yenyewe. Besi ikiwa maradufu ya asidi, pH inapanda 0.3 tu. Ili ipande kizio kizima, besi lazima iwe mara kumi ya asidi, na hapo upande mmoja wa jozi unakuwa karibu kwisha.

Hatua ya 1: chagua jozi

Chagua asidi ambayo pKa yake iko ndani ya kizio kimoja, juu au chini, kutoka pH unayoitaka. Ndani ya nusu kizio ni bora zaidi. Kwa pH ya 4 hadi 5.5, asetati inatosha. Karibu na 7, tumia fosfati, ambayo pKa yake ya pili ni 7.2. Karibu na 9 kuna amonia (9.25), ingawa mimi huikwepa: inanuka, na kila ukifungua chupa kiasi fulani kinatoroka. Karibu na 10 kuna kabonati na bikabonati. Asidi ya ndimu ina pKa tatu, 3.13, 4.76 na 6.40, kwa hiyo sitrati inafunika eneo pana, lakini inashikana na kalsiamu na metali nyingine, jambo linaloweza kuvuruga jaribio lako.

Hatua ya 2: piga hesabu

Tuseme unataka mililita 500 za bufa ya asetati, pH 5.0, yenye jumla ya 0.1 M. Jumla hiyo ni asidi na asetati zikiwekwa pamoja, yaani milimoli 50 ndani ya nusu lita.

Uwiano: 5.00 − 4.76 = 0.24. Kwenye kikokotoo, 10 kwa kipeo cha 0.24 ni 1.74. Kwa hiyo kwa kila sehemu 1 ya asidi unahitaji sehemu 1.74 za asetati, jumla sehemu 2.74.

Asetati: 50 × 1.74 ÷ 2.74 = milimoli 31.7.
Asidi: zinazobaki, milimoli 18.3.

Hesabu imekwisha. Kinachobaki ni kuzigeuza milimoli ziwe gramu na mililita, na hilo linategemea ulicho nacho kabatini.

Hatua ya 3: changanya

Kama maabara yako ina kemikali, pima gramu 4.32 za sodiamu asetati yenye maji (ile ya uzito wa moli 136.08). Soma lebo vizuri kwanza, kwa sababu iko nyingine kavu ya 82.03, na ya hiyo utahitaji gramu 2.60 tu. Kosa hili ni la kawaida mno, na halionekani kwa macho kwani zote mbili ni unga mweupe. Yeyusha katika mililita 400 za maji yaliyokenekwa, ongeza mililita 18.3 za asidi asetiki ya 1 M, koroga, pima pH, rekebisha, ndipo ujaze hadi alama ya 500.

Kama huna kemikali hizo, siki nyeupe na bikabonati ya sodiamu kutoka dukani vinafanya kazi nzuri kuliko unavyodhani. Chupa ya siki ikiandikwa asilimia 5, ina karibu moli 0.83 kwa lita, kwa hiyo milimoli 50 ni mililita 60. Ikiandikwa asilimia 4, chukua mililita 75. Siki ya kahawia iache. Rangi yake itakufichia kiashirio (dawa inayoonyesha pH kwa rangi). Kisha unaigeuza sehemu ya asidi hiyo kuwa asetati kwa kutumia bikabonati:

CH₃COOH + NaHCO₃ → CH₃COONa + H₂O + CO₂

1. Tia mililita 60 za siki kwenye chombo kikubwa cha kioo au plastiki ngumu. Kikubwa, kwa sababu itafura.

2. Pima gramu 2.67 za bikabonati. Mizani ya jikoni inayoruka gramu moja moja haifai hapa. Unahitaji ile ndogo inayosoma 0.01. Angalia pia kopo: unatafuta bikabonati tupu. Bekin pauda imechanganywa na chumvi za asidi na wanga, na itakuharibia hesabu yote.

3. Tia bikabonati kidogo kidogo huku ukikoroga, ukingoja povu litulie kila mara.

4. Ongeza maji hadi karibu mililita 400, kisha upashe moto hadi nyuzi 50 au 60 kwa dakika kama kumi, ukikoroga. Usichemshe. Lengo ni kuifukuza kaboni dioksaidi iliyoyeyuka, maana nayo ni asidi, na ikibaki itakuvuta chini.

5. Acha ipoe kabisa, pima pH, rekebisha, jaza hadi 500.

Kuhusu maji. Maji ya kuongezea betri za gari, yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli, kwa kawaida ni maji yaliyokenekwa na yanafaa kwa kazi hii. Hakikisha tu ni maji, kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo huenda ikawepo asidi ya betri, na hiyo ni salfuriki kali. Maji ya visima vya Nakuru usiyatumie hata yakionekana safi namna gani. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa imeyapa bikabonati na floraidi yake, kwa hiyo yanaingia kwenye bika yakiwa tayari na bufa yao ndogo, na itapingana na yako.

Ukipima bufa hii kwa mita nzuri utaona karibu 4.9, si 5.0. Usiimwage. Hesabu ya Henderson na Hasselbalch huchukulia kwamba ioni zimetawanyika mbali mbali, kumbe ndani ya myeyusho wa kweli zinavutana na kusumbuana, na pKa inaonekana kana kwamba imeshuka kidogo. Rekebisha kwa matone ya sodiamu haidroksaidi ya 1 M huku mita ikiwa ndani, ukisubiri isimame kati ya tone na tone. Ukizidisha, rudi kwa tone la asidi asetiki. Usirekebishe kwa haidrokloriki: itakula asetati yako na kukuachia kloridi ambayo haina kazi.

Vaa miwani unaposhika haidroksaidi, na uitie haidroksaidi ndani ya maji, si maji juu yake, kwani inatoa joto jingi.

Hatua ya 4: ijaribu

Hapa ndipo wengi huishia njiani. Wanapima pH mara moja, wanaona 5.0, wanafunga chupa. Lakini pH ya 5.0 unaweza kuipata hata kwa maji yenye tone la asidi. Namba hiyo peke yake haikuambii kama una bufa.

Chukua mililita 50 za bufa yako na mililita 50 za maji safi kwenye bika mbili. Tia matone mawili ya kiashirio cha methili orenji katika kila moja. Zote zitakuwa manjano. (Ukipima maji hayo kwa mita na kukuta 5.6 au 6 badala ya 7, hayana ubaya; yamenyonya kaboni dioksaidi hewani.) Kwa sirinji ya duka la dawa, anza kutia asidi haidrokloriki ya 0.1 M, nusu mililita kwa wakati mmoja.

Maji yatageuka mekundu mara hiyohiyo. Bufa itabaki manjano, na utaendelea kutia mpaka mkono uchoke. Ukiwa na mita, kwa hesabu utaona mwendo wa namna hii kuanzia pH 5.0: baada ya mililita 10, karibu 4.6, baada ya 20, karibu 4.2, baada ya 28, karibu 3.7. Rangi ya chungwa huanza kujitokeza mahali fulani karibu na mililita 15 au 17, na inazidi kukolea. Baada ya mililita 32 hivi unafika chini ya 3, kila nusu mililita inahesabika, na bika lile lililokuwa sugu sasa linaporomoka kama maji matupu.

Mililita 32 hazikutoka hewani. Ndani ya mililita 50 za bufa kulikuwa na milimoli 3.17 za asetati, na kila mililita 10 za asidi ya 0.1 M inakula milimoli 1. Fanya jaribio hilohilo kwa sodiamu haidroksaidi ya 0.1 M na bufa itakufa mapema zaidi, karibu na mililita 18, kwa sababu upande wa asidi ulikuwa na milimoli 1.83 tu. Bufa ya pH 5.0 inavumilia asidi kuliko inavyovumilia alikali. Kama kazi yako inazalisha asidi, kwa mfano uchachushaji, chagua jozi ambayo pKa yake iko chini kidogo ya pH yako. Kama inazalisha alikali, fanya kinyume.

Jaribu na hili pia: chukua mililita 5 za bufa, ujaze maji hadi 50. pH itasogea kidogo sana, kwa sababu uwiano haujabadilika. Kisha tia asidi. Mililita tatu na kidogo, basi, imekwisha. Anayeongeza maji kwenye bufa ili itoshe darasa zima anabaki na pH nzuri ya kuonyesha na ulinzi sehemu moja ya kumi.

Jozi iliyolala kwenye magadi

Mabonge ya magadi yanayouzwa masokoni kwa ajili ya mrenda na kunde ni kabonati na bikabonati zilizoshikana katika fuwele moja, moli moja kwa moja: Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Yaani asidi na besi yake zimekuja zikiwa zimekwisha kupimwa sawa kwa sawa. Yeyusha gramu 5.65 kwa lita moja na, kama magadi ni safi, una bufa ya pH 10 bila hesabu yoyote.

Ziwa Nakuru limejulikana kwa muda mrefu kuwa karibu na pH hiyo, na Bogoria na Elmenteita ni ndugu zake. Maji yanaingia na sodiamu na bikabonati kutoka kwenye miamba ya volkeno, hayana mto wa kutokea, jua linayachoma, na chumvi zinabaki zikirundikana. Lita moja ya maji kama hayo ina jozi nyingi mno kiasi kwamba manyunyu ya mvua hayaiyumbishi pH. Spirulina, chakula cha heroe wadogo, imezoea kuishi humo.

Mita ikikuonyesha 10.0 huku vitabu vikisema pKa ni 10.33, sababu ni ileile ya ioni kusumbuana, ila hapa ni kali zaidi kwa vile kabonati ina chaji mbili. Mchanganyiko wa moli 0.025 za kila moja kwa lita, yaani gramu 2.10 za bikabonati na 2.65 za kabonati kavu, ni kipimo rasmi cha kimataifa cha kusawazishia mita, na pH yake kwenye nyuzi 25 ni 10.01. Kwa usawazishaji tumia kemikali safi. Magadi ya sokoni yana chumvi, tope na floraidi. Yanatosha kuonyesha darasani, hayatoshi kuipima mita. Na usiyeyushe kwenye sufuria ya alumini: alikali inaishambulia, na utaona weusi.

Mita na joto

Kalamu za pH za bei ya chini huja na vifuko viwili vya unga, 6.86 na 4.01, kila kimoja cha kuyeyusha katika mililita 250. Cha kwanza ni fosfati mbili kwa kipimo sawa, cha pili ni potasiamu haidrojeni fthalati. Anza na 6.86, suuza kwa maji yaliyokenekwa, futa kwa kugusa bila kusugua, nenda 4.01. Ukipima magadi, vifuko hivyo viwili havitoshi. Tafuta cha 9.18, ambacho ni boraksi, au tengeneza ile ya 10.01. Usirudishe bufa iliyotumika kwenye chupa yake.

Maabara ya Kisumu saa nane mchana inaweza kufika nyuzi 30, wakati ya Nakuru asubuhi ya Julai iko baridi. Fosfati haijali sana: 6.88 kwenye nyuzi 20, 6.85 kwenye 30. Kabonati inatoka 10.06 hadi 9.97. Anayepaswa kuwa macho ni mtu wa biolojia anayetumia bufa ya Trisi, ambayo hushuka karibu 0.028 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ukiisawazisha 8.0 kwenye nyuzi 25 na kuiweka kwenye friji ya nyuzi 4, itakuwa karibu 8.6 humo ndani. Pima bufa kwenye joto utakalolitumia.

Chupa zote ziandike jina, pH, jumla ya M na tarehe. Asetati na fosfati huota ukungu. Ukiona ukungukungu majini, mwaga. Kabonati hunyonya kaboni dioksaidi na kushuka polepole, kwa hiyo ijaze chupa hadi shingoni na uifunge kwa nguvu.

Bwawa la samaki

Bwawa la kambale au ngege Busia au Kakamega linaendeshwa na jozi ileile ya kaboni, ila hapa kwa bikabonati kidogo sana. Mchana mwani unanyonya kaboni dioksaidi na pH inapanda. Usiku viumbe vyote vinapumua, gesi inarudi, pH inashuka. Bwawa lenye bikabonati ya kutosha linayumba kidogo. Lisilo nayo linaweza kuwa 6.5 alfajiri na zaidi ya 9 alasiri, na samaki wanachoka kati ya hizo mbili.

Pima mara mbili siku moja: kabla jua halijachomoza, na karibu saa tisa alasiri. Kipimo kimoja cha saa nne asubuhi hakikuambii chochote. Tofauti ikiwa kubwa, pima alkalini, yaani uwezo wa maji wa kudaka asidi, kwa vifaa vya matone. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa lita, bwawa linahitaji chokaa ya kilimo, kama ile inayosagwa Koru. Hiyo ni kalsiamu kabonati. Inayeyuka taratibu, inaongeza bikabonati, na ikishatulia na hewa haivuki sana 8.3. Chokaa iliyochomwa, ile ya kupakia kuta, ni kitu kingine: inapandisha pH kwa kasi na inaua samaki, kwa hiyo nafasi yake ni bwawa lililokauka tu.

Wingi wa chokaa usiukisie kwa pH peke yake. Mabwawa mawili yenye pH 6 yanaweza kuhitaji viwango tofauti kabisa, kwa sababu tope la chini nalo ni bufa, na udongo wa mfinyanzi wenye mboji nyingi unameza chokaa kuliko kichanga kabla maji hayajaonja chochote. Peleka sampuli ya tope, si ya maji pekee, kwa wanaopima udongo. Waambie unataka kiasi cha chokaa kinachohitajika. Baada ya kuitia, pima alkalini tena wiki tatu au nne baadaye, pamoja na pH ya alfajiri na ya alasiri.